T-34 yangu ya 1/72 imeliwa na minyororo yake yenyewe, inatengenezeka? (na swali la lori la kuunda toka sifuri)

Kisu_Butu
Wakuu salama? Naombeni msaada. Leo nimefungua boksi ambalo sijaligusa miaka kama kumi hivi, mle nilihifadhi vifaru vyangu vya zamani vya modeli vya skeli ya 1/72 (yani mara 72 vidogo kuliko vya kweli), nimekuta T-34/85 yangu ya kwanza kabisa imepatwa na kitu sikielewi. Ile minyororo yake ya mpira laini imezama ndani ya magurudumu, yani sio imeganda kwa juu, IMEZAMA, nikivuta inatoka na nyama ya plastiki, na pale ilipogusa pananata kama peremende iliyolambwa. Mtutu nao umekatika katikati ila hiyo najua kosa langu, niliweka vitabu juu ya boksi. Rangi ndio usiseme, niliipaka nikiwa mdogo kwa brashi ya kupakia gundi, imejaza kila mfereji mpaka tareti (kile kichwa cha juu chenye mtutu) inaonekana kama yai.

Najua kununua nyingine ni rahisi kuliko kuhangaika, ila hii ndio iliyoniingiza kwenye haya mambo, siwezi kuitupa. Swali la pili, pembeni yake nataka kuweka lori la Kisovieti la vita hiyohiyo, na hilo nataka niliunde mwenyewe kwa shiti za plastiki, sijawahi kuunda kitu toka sifuri maishani. Nianze na lipi?

Mzee wa Msasa
Mwanangu hakuna mchawi hapo, ni kemia tu. Ile minyororo laini ni vinyl, na vinyl kwa asili yake ni ngumu, inalainishwa kwa kuchanganywa na mafuta fulani ya kilainishi. Sasa kile kilainishi hakitulii, mwaka baada ya mwaka kinajikamua kutoka kwenye mnyororo na kikikutana na polistairini ya magurudumu kinaingia humo na kuiyeyusha taratibu, karibu sawa na gundi ya modeli inavyofanya, tofauti ni kwamba gundi inaruka hewani inakauka, hiki kinabaki. Ndio maana bado pananata baada ya miaka kumi.

Fanya hivi. Toa minyororo yote, hata vipande vilivyoshika ving'oe, usivionee huruma. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, halafu iache tu. Wiki kadhaa. Usiipeleke kwenye msasa sasa hivi, plastiki ikiwa laini haisuguliki, inavutika inafanya nyuzi nyuzi na utaharibu hata palipo pazima. Ikishakuwa ngumu tena ndio ukwangue mpaka uipate plastiki yenye afya. Pale ambapo haigandi kabisa kata, tupa, weka mpya.

Na minyororo ya vifaru vingine vilivyomo kwenye hilo boksi itoe LEO, weka kwenye mifuko yake peke yake. Usidhani rangi itazuia, mimi nina Panther, kile kifaru cha Kijerumani, ilipakwa rangi vizuri tu ikapita humohumo.

Kisu_Butu
Daah mzee nimekimbia kuangalia, viwili vingine vimeanza. Nimevivua vyote, sasa hivi vimepanga mstari mezani miguu wazi kama vinasubiri daktari.

tupa_laini
Hahaha miguu wazi.

Mtutu ni kazi ndogo. Ila usiunganishe kwa gundi peke yake, utakatika tena palepale siku ukipiga chafya. Toboa pande zote mbili uingize kipande cha waya wa shaba wa nusu milimita. Tatizo la watu wengi hapo ni matundu kutokutazamana, mtutu unatoka na kibiongo. Dawa yake: toboa upande mmoja kwanza katikati kabisa, weka kitone cha rangi mbichi kwenye ukingo wa lile tundu, sogeza upande wa pili uguse mara moja, alama ya duara itakuonyesha pa kutoboa. Bunduki ya hicho kifaru ni milimita 85, gawa kwa 72 unapata 1.2 hivi, kwahiyo mdomo nao unaweza kuutoboa kwa biti ya 1.2 ukaacha kuonekana kama penseli. Biti unazungusha kwa vidole, usitumie keekee ya umeme, moto wake unayeyusha.

Rangi ya zamani kama ni enameli loweka kwenye mafuta ya breki, yale ya kawaida ya glaikoli, kwenye kopo lenye kifuniko, vaa glavu. Kama ni akriliki spiriti ya isopropili inatosha. Jaribu kwanza kwenye sehemu isiyoonekana chini ya bodi, plastiki ya zamani nyingine inakuwa kama biskuti.

Dada Kibano
Naongezea kwenye magurudumu maana hapo ndipo utakapokata tamaa. T-34 ina magurudumu matano kila upande na kila moja ni pacha, ni diski ishirini hizo. Usitengeneze ishirini. Chagua moja ambalo limeliwa kidogo kuliko yote, mpe huyo mmoja muda wako wote, jaza puti, sugua, rudisha ukingo, akishapona mzalishe kwa rezini (plastiki ya maji inayoganda) kwenye kalibu ya silikoni. Kipimo halisi ni milimita 830 kwenda upande wa pili, kwako ni 11.5.

Sasa sikia kilichonikuta mimi. Mara ya kwanza nilijenga ukuta wa kalibu kwa plastisini ya kawaida ya watoto, nikapachika gurudumu, nikamwaga silikoni ya platinamu, nikalala. Asubuhi juu imeganda vizuri sana nikafurahi, kubandua, kule chini palipogusana na plastisini ni uji. Uji mzito wa kunata ambao haukauki hata ungeusubiri mpaka uzeeke. Plastisini nyingi zina salfa, na salfa inaua mgando wa silikoni ya platinamu. Lile gurudumu nililolihangaikia siku nne lilikuwa limefunikwa na ule uji mpaka kwenye kila tundu. Kwahiyo nunua plastisini isiyo na salfa, au tumia silikoni ya bati (inayogandishwa kwa bati badala ya platinamu), hiyo haina makuu, ila kalibu yake inachoka mapema.

Rezini nayo mwaga kwa uzi mwembamba kutoka juu upande mmoja tu wa kalibu, iache itambae yenyewe, viputo vinapungua. Na fungua madirisha, vumbi lake usilivute, sugua ikiwa imeloa maji.

Kisu_Butu
Siku nne dada pole sana. Minyororo mipya je? Vinyl sitaki kuiona tena.

Mzee wa Msasa
Ziko seti za plastiki ngumu, ila kama unataka mafunzo ya kuunda, minyororo ya T-34 ni mwalimu mzuri kwa sababu haina mambo mengi. Upana wa ule mpana ni milimita 500, kwako inakuja karibu 7, na kutoka pini mpaka pini ni 172, sawa na 2.4. Kata utepe wa shiti ya robo milimita, chora mistari kila 2.4, na kwa ndani weka jino kwenye kila pingili ya pili, sio kila pingili, hapo ndipo wengi wanakosea. Ukimaliza tumbukiza kwenye maji ya moto uukunje kufuata magurudumu. T-34 haina vile vigurudumu vya juu vya kubebea mnyororo, mnyororo wa juu unalalia magurudumu yenyewe, kwahiyo uache ulegee uanguke kati ya gurudumu na gurudumu. Ukiuvuta ukanyooka kama rula umeshaharibu.

Nusu_Milimita
Mimi nije kwenye lori maana naona mmelikimbia.

Chukua GAZ, ile ya tani moja na nusu, lakini usichukue GAZ-AA ya kawaida, chukua GAZ-MM ya mwaka 1942. Sababu ni hii: GAZ-AA asili yake ni Ford AA, madigadi yake ya mbele yamepinda pande mbili kwa wakati mmoja, yana tumbo, na kitu kilichopinda pande mbili ndio kifo cha mtu anayeunda kwa shiti. Vita ilipobana chuma kikawa shida, kiwanda kikaanza kukunja madigadi kwa bati bapa tu, pembe pembe, milango ikaondolewa wakaweka turubai, taa ya mbele ikabaki moja, na breki za mbele wakazitoa kabisa. Lori lilikuwa baya hilo, dereva ndio alikuwa anajua habari yake. Ila kwetu sisi ni zawadi, karibu kila kitu ni bapa au kimekunjwa mara moja.

Vipimo: urefu 5335, upana 2040, kutoka ekseli mpaka ekseli 3340. Gawa kwa 72, unapata 74, 28 na 46 na pointi zake. Matairi ni 6.50-20, ukipiga hesabu ya rimu na mpira juu na chini unapata kama inchi 33, kwako ni 11.6. Umeona? Karibu sawasawa na gurudumu la T-34. Diski za shiti utakazokata kwa kazi moja zinafaa kazi ya pili, bandika kadhaa pamoja, pitisha waya katikati, zungusha kwenye keekee ya spidi ndogo huku umeshika msasa, tairi linatoka duara.

Kisu_Butu
Mkuu umeniuzia. GAZ-MM ya 1942 imepita bila kupingwa. Nimepata mchoro wake ila ni wa 1/35, nadhani napunguza nusu tu si ndio?

tupa_laini
SIO NUSU. 35 gawa kwa 72 ni 0.486, kwahiyo asilimia 48.6. Ukiweka 50 lori lako linazidi milimita mbili kwa urefu, unaweza kuona ni ndogo ila kebini itakuwa imekaa sawa na boneti imenenepa utashindwa kujua kosa liko wapi. Kwa faida ya wengine, kutoka 1/48 kwenda 1/72 ni asilimia 66.7, kutoka 1/76 ni 105.6. Na ukishachapa chukua kalipa upime upya kwenye karatasi, printa nyingi zinabana zenyewe ziweze kuingiza ukurasa. Pima kitu unachokijua, hiyo 46.4 ya ekseli kwa ekseli. Kama mchoro wenyewe haukubaliani na namba za gari halisi, tupa mchoro fuata namba.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia mapema. Bamba lililolala kwa pembe haliwi na urefu wake wa kweli kwenye mchoro wa mbele. Nilipounda bodi ya T-34 kwa mara ya kwanza nilikata bamba la mbele kwa kufuata mchoro wa mbele, nikaweka, halifiki. Nikakata jingine kwa umakini zaidi, halifiki tena, nikaanza kulaumu kisu. Lile bamba limelala digrii 60 kutoka wima, na kwa pembe hiyo ukiliangalia kwa mbele unaona NUSU tu ya urefu wake. Urefu wa kweli unauona kwa ubavuni. Kwenye lori lako kioo cha mbele hakijalala sana ila nyuso za madigadi zimelala, angalia hapo.

fundi_mpya_77
Samahani naingilia, kwanini vita yote hii ya namba na watu wanaanza 1/35 ambayo ni kubwa na rahisi kuona?

Nusu_Milimita
1/35 ni nzuri ukiwa na nafasi. Na ukitaka kucheka, hiyo skeli haikuchaguliwa na mtu yeyote kwa hesabu. Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, walipotengeneza Panther yao ya mota mwanzoni mwa miaka ya 1960 walichohitaji ni bodi itakayomeza betri mbili, baadaye ndio wakapima wakakuta ni kama 1/35. Dunia nzima ikafuata betri.

Dada Kibano
😂😂 sijawahi kujua hii

Kisu_Butu
Nimerudi baada ya wiki tatu wakuu. T-34 inaendelea, rangi imetoka, kumbe chini yake tareti ilikuwa na sura nzuri tu. Magurudumu matano ya upande wa kushoto yalikauka nikayakwangua yakapona, upande wa kulia yamekufa yote, nimefuata njia ya dada Kibano, kalibu ya silikoni ya bati, mawili ya kwanza yalitoka na viputo kama jibini, ya tatu kuendelea yako safi.

Lori: chasisi nimekata, ekseli ziko sawa kwa kalipa. Madigadi nimekata kwa shiti ya nusu milimita nikakunja, yako imara sana, ila kuna kitu hakikai sawa kwenye macho na sijui ni nini. Sakafu ya nyuma na kuta zake nimefanya kwa mbao halisi, vijiti vya aiskrimu nimevisugua vikawa vyembamba, naona pametoka vizuri.

Nusu_Milimita
Nitakwambia kisichokaa sawa. Nusu milimita mara 72 ni milimita 36. Deraya ya bodi ya T-34 ni 45. Kaka umelipa lori madigadi ya kifaru.

Mzee wa Msasa
Hahahaha "madigadi ya kifaru". Lakini ni kweli. Bati la kweli ukiligawa kwa 72 halifiki hata unene wa unywele, hakuna atakayeweza, tunachofanya ni kudanganya jicho. Jicho linaangalia ukingo. Kwahiyo ama unasugua ukingo kwa chini uwe kama makali ya wembe na katikati uache unene wake, ama unakata upya kwa kopo la soda. Ukuta wa kopo la soda ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa skeli yako ni kama milimita 7, bado nene ila jicho linakubali. Kopo likune kwa msasa laini kwanza, ule mng'aro una tabaka la rangi na vanishi, praima haishiki. Na hapo gundi ya plastiki haifanyi kazi, ni supagluu au epoksi.

tupa_laini
Mbao itoe.

Kisu_Butu
Jamani mbao nayo? Lori la kweli nyuma lilikuwa la mbao, nimeweka mbao, kosa liko wapi tena.

tupa_laini
Mbao yako haijui kwamba ipo kwenye 1/72. Nyuzi zake ni za ukubwa uleule wa kijiti cha aiskrimu, ukiipaka rangi zinavimba zinasimama na ule ubao unaonekana umepasuliwa kwa shoka kutoka mti wenye nyuzi nene kama mkono wa mtu. Tumia plastiki. Buruta blade ya msumeno mdogo juu ya shiti kwa urefu, mara mbili tatu, mkono ukitetemeka kidogo ni vizuri zaidi, futa manyoya kwa gundi nyembamba ukipitisha brashi haraka haraka. Chora mgawanyo wa ubao na ubao kila milimita mbili hivi.

Dada Kibano
Hapa nampinga tupa kidogo. Kwenye 1/35 na 1/16 mbao nzuri zenye nyuzi za karibu zinakubali kabisa na hakuna rangi inayoiga ile sura. Kwenye 1/72 sawa, yuko sahihi. Ila usiitupe hiyo kazi Kisu, ukishaziba kwa praima mara mbili na kusugua katikati unaweza kuiona inavyokuwa kabla ya kuamua.

tupa_laini
Akishaziba mara mbili si amegeuza mbao kuwa plastiki? Angeanza na plastiki.

Dada Kibano
Na wewe ukishachora plastiki na msumeno si umeigeuza kuwa mbao 😏

fundi_mpya_77
Nipo hapa nasoma nakula popcorn. Turubai la milango anafanyaje?

Mzee wa Msasa
Karatasi ya tishu, tabaka moja tu, itenganishe. Lowesha kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ilaze mahali pake, mikunjo uipange kwa brashi ikiwa mbichi kwa kufuata mahali turubai linapofungwa, mikunjo siku zote inaanzia kwenye kamba inashuka. Ikikauka ni ngumu inapokea rangi. Kwa milango ya hilo lori ni nusu saa.

Kisu_Butu
Ripoti ya mwisho mwisho wakuu. Mbao nilijaribu kuziba kama dada alivyosema, nikaangalia, nikatoa. Samahani dada. Sakafu mpya ya plastiki iliyoburutwa na msumeno inaonekana mbao kuliko mbao. Madigadi ni ya kopo la soda, nimejikata vidole viwili, ila sasa ukiyaangalia kwa ubavuni yanapotea kabisa, ni mstari tu. Springi nimepanga vipande vya robo milimita vinne vinne. T-34 ina mtutu mpya tena umenyooka, minyororo ya tepe niliyoikunja kwenye maji ya moto ilikatika upande mmoja nikaiunga nyuma ya gurudumu la mwisho ambapo tope litafunika. Nimepiga praima ya kijivu kwenye vyote viwili nimeweka picha hapo chini, naombeni macho yenu kabla sijaanza kijani.

Mzee wa Msasa
Mwanangu umefanya kazi. Ule mnyororo umelegea vizuri kabisa. Tareti gusa gusa na puti iliyolainishwa kwa gundi ukitumia brashi iliyokufa, igonge gonge, zile tareti zilimiminwa kwenye mchanga hazikuwa laini hivyo. Mengine sina neno.

Nusu_Milimita
Safi sana. Sasa nikuulize kitu kimoja. Ile taa moja ya mbele, kwanini iko kulia?

Kisu_Butu
Kwani ilikuwa wapi?

Nusu_Milimita
Upande wa dereva. Na dereva wako nimemuona kwenye picha ya pili, usukani uko kushoto.

tupa_laini
Uliibandika lori likiwa limepinduliwa chini juu eeh.

Kisu_Butu
Limepinduliwa ndio, nilikuwa nabandika bampa. Daaah. Ngoja niing'oe kwa ncha ya kisu, gundi haijakaa siku nzima bado.

Kisu_Butu
Imetoka. Imetoka ikaruka. Ina milimita tatu na rangi yake ni kijivu na zulia langu ni kijivu. Msiongee na mimi kwa sasa natafuta tochi.